Jicho Lililo Juu

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye shamba la maua Naivasha nilivunja mashina 11 ya waridi kabla ya chai ya saa nne. Najua yalikuwa 11 kwa sababu supavaiza alipita nyuma yangu akiyaokota, akayapanga ukingoni mwa tuta moja moja kama anayeandika deni, ndipo akaniita.

"Dada, hapa hatuvunji. Hapa tunalaza."

Akachuchumaa. Mkono wa kushoto ukashika shina karibu kabisa na kitako cha mmea, kwa vidole viwili na gumba. Mkono wa kulia ukalisokota kidogo, vile unavyosokota ncha ya kitambaa kutoa maji, huku ukilishusha upande wa njia. Nikasikia mlio mdogo wa nyuzi zikiachana ndani, lakini ganda halikuchanika. Shina likalala, kichwa kikaning'inia chini kuliko kitako, na majani yote yakabaki mabichi. "Ukisikia ta, umeliua," akasema. Akaniacha na tuta zima la mita thelathini na miiba yake.

Kazi hiyo sote tuliiita kubendi. Baada ya wiki moja walinihamishia zamu ya kubendi mchana, na hapo nikaacha kuvunja. Sikuwa nimekuwa fundi kwa wiki moja. Asubuhi shina limejaa maji, limekakamaa, ukiligusa vibaya linakatika kama karoti. Jua likishapiga saa kadhaa linalegea, linakubali mkono. Wenzangu walilijua hilo siku zote, ila mgeni haambiwi kila kitu siku ya kwanza.

Tulilaza vijishina vyembamba, na vile visivyotoa ua, tulivyoviita vipofu. Anayeingia grinhausi mara ya kwanza hushangaa kuona kila tuta limevaa sketi ya majani iliyomwagika pande zote mbili, na katikati yake mashina machache yamesimama wima, manene, marefu. Hayo yaliyosimama ndiyo yanayokatwa na kupanda ndege kwenda minadani Uholanzi. Sketi inaonekana kama takataka ambayo mtu amesahau kufagia. Kumbe ndiyo jiko. Majani yaliyolala yanapika sukari mchana kutwa na kuiteremsha kitakoni, na pale kwenye goti, mahali shina lilipokunjwa, baada ya wiki mbili tatu unaona pua nyekundu inachungulia. Inakua upesi kuliko unavyodhani, ikiwa nene kama kalamu tangu siku ya kwanza, wala haina haja ya kushikiliwa na kitu.

Nilifanya kazi hiyo zaidi ya mwaka kabla ya kujiuliza swali la maana. Jicho lile la kitakoni, yaani kile kichipukizi kinacholala kwenye shina kabla hakijaota, lilikuwepo miezi yote. Lilikuwa na maji yaleyale, mbolea ileile, jua lilelile. Kwa nini lilisubiri jirani yake alazwe ndipo liamke?

Aliyenijibu ni kijana mmoja aliyesomea kilimo Chuo Kikuu cha Egerton, aliyekuwa akizunguka kukagua magonjwa. Alirarua ubavu wa katoni ya maua, akachora shina wima kwa kalamu ya kuandikia lebo. Kileleni akaweka duara. "Huyu ndiye mwenye boma," akasema. Kilele kinatengeneza homoni inayoitwa oksini, na oksini hiyo inateremka kwenye shina, kama sentimita moja kwa saa, ikifuata njia moja tu, kutoka kileleni kwenda mizizini. Inapopita, macho yote ya chini yanaendelea kulala. Kutoka chini, mizizi nayo inapandisha homoni yake, saitokinini, inayoyaambia macho yaamke. Ukimkata mwenye boma, macho yanaamka. Ukimlaza je? Akachora shina la pili likiwa limelala, na mishale ya oksini ikiwa imejikusanya upande wa tumboni. Mgongo ukabaki na kidogo. "Sasa angalia jicho gani liko juu kuliko yote." Nikaangalia. Lilikuwa la kitakoni.

Ile katoni niliiweka chini ya godoro kwa muda mrefu. Usiku, kwenye chumba changu cha kukodi Karagita, nilikuwa nikisoma kwa simu mpaka bando linaisha. Nikakuta mambo ambayo yangenifurahisha nikiwa darasa la saba kama kungekuwa na mtu wa kunionyesha. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880, walieleza jinsi walivyovisha ncha za miche ya nyasi vikofia vidogo, na miche ile ikaacha kuinamia mwanga ingawa mwili wake ulikuwa wazi. Kwa hiyo ncha ndiyo inayoona, na mwili unapokea habari. Miaka ya 1920 huko Utrecht, Frits Went akakata ncha za miche ya oti, nafaka ya kule kwenye baridi, akazikalisha juu ya vipande vya agari, ile inayofanana na jeli, kisha akaweka jeli peke yake juu ya mche usio na kichwa. Mche ukakua. Habari ilikuwa imevuja ikaingia kwenye jeli. Na Kenneth Thimann na Folke Skoog, miaka michache baadaye, wakakata vichwa vya maharagwe mapana, wakapaka oksini pale penye kidonda, na macho ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba kichwa bado kipo. Hapo nilicheka peke yangu. Maharagwe yamedanganywa kuwa baba yuko nyumbani.

Katoni ile ilikuwa na upungufu mmoja, ambao kijana wa watu hana lawama nao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba kwenye mmea wa njegere uliokatwa kichwa, macho ya mbali yanaanza kuvimba kabla habari ya kupungua kwa oksini haijaweza kuyafikia kwa mwendo wake wa sentimita moja kwa saa. Kilichotangulia ni sukari. Kilele kinapokuwepo kinakula sukari kwa pupa. Kikiondoka, sukari inageukia macho mengine, nayo husafiri haraka mno. Niliposoma hilo nikakumbuka sketi zetu. Tulikuwa tukimwondoa mlaji mkubwa na kuacha wapishi wote jikoni. Ukikata kwa mkasi unaamsha jicho lakini umebeba na majani yake. Ukilaza, jicho linaamka na chakula kiko mezani.

Lakini mmea unajuaje kwamba umelala? Hili nililijua kwa macho kabla ya kulijua kwa maneno, tangu utotoni.

Kwetu ni upande wa Kimilili, miguuni pa Mlima Elgon. Mvua ya upepo inapokuja wakati mahindi yamefika kiunoni, shamba zima linalala. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikimbia na ndugu zangu kuyainua, tukayashindilia udongo. Kukhu, bibi yetu, akatufukuza kwa fimbo ya kuchungia mbuzi. "Yaacheni! Yamelala, hayajafa. Mtayakata mizizi." Siku ya tatu yake tulikuta shingo zote zimeinuka. Bua la chini bado limelala matopeni, lakini kwenye vifundo vya juu limejikunja likatazama mbinguni, shamba zima, kama watu waliolala wakainua vichwa kusikiliza mlango. Yale yaliyokuwa yameshabeba mahindi hayakuinuka sana. Uzee ni uzee.

Ndani ya seli fulani za shina, na kwenye kofia ya ncha ya mzizi, kuna chembe za wanga nzito. Chembe hizo zinatua chini, kama choroko ndani ya kibuyu: ukikilaza, zinahamia ubavuni. Mmea unahisi zimetua wapi, na oksini inaelekezwa upande huo wa chini. Kwenye shina oksini nyingi huharakisha kukua, kwa hiyo tumbo linarefuka kuliko mgongo na shina linapinda kwenda juu. Kwenye mzizi kiasi kilekile kinazuia, tumbo linachelewa, mgongo unalipita, na mzizi unapinda kwenda chini. Homoni moja, amri mbili. Kukhu hakujua neno oksini lakini fimbo yake ilikuwa sahihi.

Nilirudi nyumbani baada ya miaka tisa, magoti yakiwa yamechoka na mama amebaki peke yake na kahawa ya marehemu baba. Kahawa yenyewe ilikuwa mzee. Mashina mapana kama paja, matunda yote yamekimbilia juu ambako mama hafiki bila kupanda kiti. Kawaida ya kwetu mti ukifika hapo unakatwa kwa msumeno kwenye kisiki, unasubiri vichipukizi, unachagua viwili vitatu, na kwa kama miaka miwili mti huo hauna kitu. Mama alikuwa amekata safu mbili tayari. Safu iliyofuata ilikuwa ya miche michanga, mwaka mmoja shambani, shina moja moja, unene wa kidole gumba.

"Mama, hii tuilaze."

"Kahawa si maua ya Wazungu."

"Tutaipinda tu, tufunge na vigingi. Itatoa mashina matatu badala ya moja, na hatutakata kitu."

Aliendelea kupepeta maharagwe. Baadaye sana, nikiwa nimeshakata tamaa na jibu, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi. Ile ya baba yako usiiguse." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Nikalaza miche 20. Nilisubiri saa nane mchana, nikaenda na kamba za migomba zilizolowekwa na vigingi vya mkuyu. Kahawa haina miiba, nikaona raha. Hapa sikusokota, mche wa kahawa mchanga unaupinda taratibu kwa viganja viwili, upinde mmoja mrefu, mpaka kichwa kinagusa nyasi, kisha unafunga. Hakuna hata mmoja uliovunjika, na nakiri nilijisifu mbele ya watoto wa jirani.

Kilichotokea ni kwamba mgongo mzima wa kila mche ulichipua. Wiki ya tano nilihesabu vichipukizi 14 kwenye mche mmoja, vyote upande wa juu, vimepangana kama meno ya kitana, vyote vikienda wima. Tumboni hakukuwa na hata kimoja. Niliita majirani waje waone. Na kwa sababu vilikuwa vizuri, nikavionea huruma. Hilo ndilo kosa langu kubwa la mwaka ule. Waridini supavaiza hakutupa nafasi ya kuonea huruma chochote. Nyumbani nilikuwa supavaiza wangu mwenyewe. Niliviacha vyote. Baada ya miezi minne nilikuwa na vichaka 20 vya vijiti vyembamba vinavyogombana, kila kimoja kinataka kuwa mwenye boma na hakuna hata kimoja chenye nguvu. Mama alipita na ndoo, akasimama, akatazama, akaenda zake. Afadhali angesema.

Nilivipunguza vikabaki vitatu vitatu, vilivyo karibu zaidi na kitako, na vikishika nguvu nikaukata ule upinde mbele yao. Minne kati ya miche hiyo haikupona vizuri mpaka leo. Iliyobaki ni miti ya mashina matatu ambayo mama anaifikia matunda yake akiwa amesimama chini.

Hapa niseme jambo ambalo linanikera. Wakati vichaka vyangu vinagombana, nilienda Bungoma mjini nikanunua chupa ya dawa ya majani ambayo lebo yake iliahidi homoni za kila aina: za mizizi, za maua, za macho. Nilinyunyiza kama ilivyoandikwa. Majani yakaungua kingo na hakuna jingine lililobadilika. Sisemi dawa zote ni bure. Nasema mmea wenyewe una kiwanda cha homoni hizo, na mara nyingi unachohitaji ni kuhamisha mahali zinapokwenda. Kamba ya mgomba ni bure, na haina lebo.

Kosa la pili lilikuwa kwenye mapera, na hilo ndilo lililonifundisha kuliko yote.

Nyuma ya jiko tuna mipera miwili, ya umri mmoja, mirefu isiyozaa cha maana. Mpera unatoa ua kwenye tawi jipya. Tawi jipya likikosekana, hakuna pera. Nikajiambia, basi, nitakubendi na wewe. Nilichukua chupa za soda za nusu lita, nikajaza mchanga, nikaning'iniza kwenye ncha za matawi. Kwenye mti wa kwanza niliongeza chupa mpaka ncha zikashuka chini kabisa, zikatazama ardhi, maana ndivyo mikono yangu ilivyozoea. Kwenye wa pili chupa ziliniishia. Matawi yakashuka nusu tu, yakawa karibu kulala sawa na ardhi lakini ncha bado ziko juu kidogo ya mahali tawi lilipoanzia.

Ule wa kwanza ulifanya vile waridi linavyofanya. Pale kwenye nundu, mahali tawi lilipoanza kushuka, macho mawili matatu yaliamka na kurusha mikuki. Siwezi kuiita vinginevyo. Ilikwenda juu moja kwa moja, majani yameachana mbalimbali, mwezi mmoja imepita paa la jiko, na haikuwa na ua hata moja. Ncha zilizoshuka zikasimama kukua, zikadorora. Ule wa pili, niliouhurumia kwa kukosa chupa, ulichipua mgongo wote wa kila tawi, vijitawi vifupi vya urefu wa kiganja, na kwenye makwapa ya majani yake ya kwanza mnamo mwezi uliofuata kukawa na vishada vya maua meupe. Nyuki walinijulisha kabla sijaona.

Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile mipera miwili kwa muda. Mkono mmoja, mchanga mmoja, siku moja. Tofauti ilikuwa pembe. Nilipolaza waridi chini ya kitako chake nilitaka hasa jicho moja la goti lichukue ufalme wote, liwe shina nene la kuuza. Kwenye mpera nilitaka ufalme ugawanywe. Ukishusha ncha chini mno, lile jicho la nunduni linajikuta peke yake kileleni mwa kilima, nalo halishiriki na mtu. Ukiacha tawi likilala bila kushuka, ncha inabaki na mamlaka kidogo ya kuendelea, na macho ya mgongoni yanapata kila mmoja chake. Nilikuwa nimeibeba kazi ya Naivasha mpaka Kimilili bila kuuliza ilikuwa inatafuta nini.

Niliikata mikuki, nikalegeza kamba, nikainua ncha zikawa juu ya nundu. Mwaka uliofuata mti huo nao ukazaa, ingawa si kama ndugu yake.

Tangu hapo siwezi kupita shamba la mtu bila kutafuta jicho lililo juu. Shemeji yangu anayelima miwa upande wa Mumias aliniona nikiinamia mtaro wake, akadhani nimepoteza kitu. Nilikuwa natazama mbegu. Wao wanakata muwa vipande vya macho matatu na kuvilaza kwenye mtaro, macho yakiwa ubavuni. Ukizika muwa mzima bila kukata, macho ya upande wa ncha yanaota kwanza na kuyanyima ya upande wa kitako, na shamba linakuwa na mapengo. Kila panga linapopita unamtenganisha ndugu mkubwa na wadogo zake. Shemeji alisema yeye alifundishwa hivyo na baba yake na hakuwahi kuuliza kwa nini. Mimi pia sikuwahi kuuliza waridini kwa mwaka mzima, kwa hiyo tulielewana.

Kwa senge, yaani shangazi yangu, huko Butula ilikuwa muhogo. Alikuwa amemlipa kijana apande gunia la vijiti, na baada ya wiki tatu nusu ya shamba ilikuwa imeota na sehemu nyingine imekaa kimya. Alikuwa tayari kulaumu mbegu. Nikang'oa kijiti kimoja kilicho kimya, nikakifuta udongo. Kwenye kijiti cha muhogo kuna makovu mahali majani yalipoanguka, na jicho hukaa juu ya kovu lake. Hiki jicho lilikuwa chini ya kovu. Nikang'oa kingine, vilevile.

"Senge, vimezikwa kichwa chini."

"Si kijiti ni kijiti tu?"

Hapana. Kijiti kinakumbuka upande wake wa mizizi hata ukikipindua, kwa sababu ile njia ya oksini haigeuki kwa kugeuzwa kijiti. Inaendelea kwenda kule kulikokuwa kitako, na sasa kitako kiko hewani. Kinaota, lakini kwa kujikokota, na mizizi yake inataabika. Tuliling'oa shamba lile jioni nzima, tukageuza vilivyo hai na kutupa vilivyooza. Safu mbili za mwisho senge aliniambia nizilaze tu kwenye udongo, maana vijiti vilivyolazwa hutoa vichipukizi vingi na mihogo yake haizami sana, na mgongo wake hautaki tena kuchimba. Hapo hakuhitaji mimi. Alilijua hilo kabla sijazaliwa.

Wakati tunapumzika kwenye kivuli nilimwambia habari nyingine iliyonikalia kichwani. Kuna homoni ya tatu katika mambo haya, strigolaktoni. Inatengenezwa hasa mizizini na inasaidia kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Japani, yalionyesha kazi yake hiyo. Lakini kitu chenyewe kilikuwa kinajulikana tangu miaka ya 1960 kwa sifa mbaya kabisa: mizizi ya mahindi na mtama huivujisha udongoni, na ndiyo inayoziamsha mbegu za kayongo. Senge alitema mate aliposikia jina. Hakuna mtu Butula asiyemjua kayongo, kale kagugu ka maua ya zambarau kanakofyonza mahindi toka chini mpaka yanakuwa ya njano kana kwamba yana njaa na mvua inanyesha. Mbegu yake inaweza kulala udongoni miaka mingi ikisubiri kunusa mzizi. "Kwa hiyo mahindi yenyewe ndiyo yanamwita?" akauliza. Nikasema ndiyo, kwa homoni ileile ambayo ndani ya mmea inasema msichipue. Alinyamaza, akatazama shamba la jirani lililokuwa limechanua zambarau kutoka mpaka hadi mpaka. "Mwizi anaishi kwa sauti ya mwenye nyumba," akasema, akainuka kuendelea na vijiti.

Nisije nikaonekana mtu anayeamini kwamba kila mmea unafuata kamba. Nilipotoka Naivasha nilijua kuotesha vipandikizi vya waridi chini ya nailoni, nikajaribu kahawa. Kahawa ina matawi ya aina mbili: shina la kwenda wima, na matawi ya pembeni ya kulala, ambayo ndiyo yanayobeba matunda. Nilichukua vipandikizi 10 vya matawi ya pembeni kwa sababu vilikuwa vingi na vilikuwa na afya. Viwili vilishika mizizi. Kimoja kilikufa. Kilichobaki nikakipanda nyuma ya ghala.

Kina miaka mitatu sasa, na hakijawahi kusimama. Kinatambaa. Nilikifunga kwenye kigingi mwaka mzima, wima kabisa, ncha yake ikiwa juu kuliko kila kitu. Nilipokifungua, matawi mapya yote yakaendelea kwenda ubavuni kama yalivyokuwa yakifanya kwenye mti wa mama yao. Nilikigeuza, nikakiinua, nikakikata kichwa, na yale macho niliyoyaamsha nayo yakalala. Kimekuwa kama mmea wa boga: upana wa mkeka, urefu hakifiki kiuno, na msimu uliopita kilizaa punje nyekundu zisizojaza kikombe. Kuku wa mama wamekifanya nyumba, wanatagia chini yake. Wiki jana nilienda na jembe kukitoa nipande kitu cha maana. Mama alinikuta, akaniambia nirudishe jembe ghalani, kuna mayai manane pale na tetea ameshaanza kulalia.